Ndama Mwekundu wa Sofia

Jumatano, Kitale. Mvua imeanza saa tisa na haionyeshi dalili ya kuacha. Hakuna mteja atakayeleta nguo katika hali hii, kwa hiyo cherehani nimeifunika na ninaandika nikiwa hapa dukani, soksi zimelowa. Nina hasira tangu Jumatatu. Ubaya wake ni kwamba wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Nianze na ukweli, shajara. Mimi ni mtu wa kushuku. Chupa ya mafuta ya kupikia jikoni kwangu ina mistari ya kalamu ubavuni, kila mstari na siku yake. Sukari nikishaitumia huiacha na alama ya kijiko juu, nijue kama kuna mkono mwingine uliopita. Mama yangu alifanya hivyo nyumbani kwetu, mahali paitwapo Kwanza, na nyanya yangu alifanya hivyo huko Nyeri kabla familia haijahamia huku. Mume wangu Wafula alipouona mstari wa kwanza, wiki ya pili ya ndoa yetu, aliniuliza kama nafikiri yeye hunywa mafuta. Nilimwambia ni desturi tu ya kwetu. Alicheka, na baada ya hapo hakucheka tena kuhusu jambo hilo.

Sasa habari za Sofia.

Sofia ni ng'ombe wangu. Si wetu, ni wangu. Nilimnunua kwa Mzee Kariuki, jirani ya wazazi wangu kule Kwanza, baada ya kushona sare za shule hadi mgongo ukawa unauma nikiwa nimelala. Ni Friesian mweusi na mweupe, ng'ombe wa kupigia picha. Lakini hapa mjini tunapanga vyumba viwili, na kwetu Kwanza shamba limegawanywa hadi hakuna pa kugeuzia ng'ombe. Kwa hiyo Sofia alikwenda kwa mama mkwe, Ndalu, upande wa Bungoma.

Huko kwa akina Wafula ni kawaida mtu kumwekea mwenzake ng'ombe, na sheria yake kila mtu anaijua: maziwa ni ya anayefuga, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Kuna sheria ya pili ambayo haitajwi. Ukija ghafla ukamtoa ng'ombe wako bila sababu, umemwita mfugaji mwizi mbele ya kijiji kizima. Hiyo ya pili pia niliijua. Naiandika hapa ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba sikujua.

Mwaka jana nilimpeleka huko Ndalu daktari wa AI kutoka hapa Kitale, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za kwenye mirija, bila fahali kuonekana. Fahali nilimchagua mwenyewe kwenye kitabu chake cha picha: mweusi na mweupe, kifua kipana kama mlango wa ghala. Daktari akafanya kazi yake, akanipa kadi yenye jina la fahali, nami nikaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, mahali ambapo hapana mtu wa kuiba.

Mwezi uliopita Sofia akazaa ndama jike, mtamba.

Mwekundu.

Mwekundu na mweupe, rangi ya tofali. Wafula aliponionyesha picha nilimwambia simu yake imeharibika rangi. Nikaenda Ndalu kujionea, na ndama alikuwa mwekundu kuliko hata kwenye picha, amesimama chini ya Sofia ananyonya bila wasiwasi wowote.

Siku hiyo hiyo nilikuwa na maelezo matatu. La kwanza: jirani wa mama mkwe ana ndume mwekundu anayesifika kwa kuvunja ua, na mtu aliyeachiwa ng'ombe wangu hakuwa macho, au alikuwa macho akanyamaza. La pili: ndama wangu halisi ameuzwa na huyu ameletwa mahali pake. Mwenye lori hufika Lwakhakha kabla ya chai ya saa nne, na pale mpakani ng'ombe huvuka kwenda na kurudi bila kuulizwa jina. La tatu: daktari aliniwekea maji kwenye mrija. Haiwezekani yote matatu yawe kweli kwa pamoja, najua. Mimi niliyaamini yote.

Lakini kilichonikaa rohoni zaidi ni mama mkwe mwenyewe. Hakushangaa. Alisimama kando ya zizi, mikono ndani ya leso, akanitazama mimi badala ya kumtazama ndama. "Mungu ametupatia," alisema, basi. Mtu asiye na hatia, nilijiambia, angeshangaa kwanza. Angepiga kelele, angeita majirani waje waone maajabu. Huyu alikuwa ametulia kama mtu aliyejiandaa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na pikapu.

Sikuuliza swali hata moja. Nilisema nimepata banda la kukodi karibu na Kitale, nataka nimwone Sofia na ndama wake kila siku. Banda lilikuwa la kweli, sababu ilikuwa ya uongo, na mama alijua, na majirani waliosimama kwenye ua wao wakijifanya wanakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe walijua pia. Mama alifungua kamba yeye mwenyewe akanipa mkononi. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kidumu cha maziwa ya asubuhi ile. "Ya Nekesa," alisema. Nekesa ni binti yetu, ana miaka tisa. Nilipokea kidumu nikafikiri: mwenye hatia hutoa zawadi.

Njiani nilimwambia dereva wa pikapu kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alikubali kabisa. Dereva wa kukodiwa hukubali kila kitu.

Wafula hakuja siku hiyo. Nilipomuuliza anaonaje, alisema, "Ng'ombe ni yako." Akaenda kulala bila kula, na Wafula si mtu wa kuruka ugali. Nilidhani ananionea haya kwa ajili ya mama yake. Nikamshuku na yeye kidogo.

Jumatatu nilimwita daktari wa AI hapa dukani. Nilitaka aniandikie kwa mkono wake kwamba yule ndama si wa fahali wake, nipate karatasi ya kwenda nayo Ndalu. Aliingia na gambuti zake, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akaomba kadi. Nikaitoa kwenye Biblia. Aliitazama mara moja tu, akaweka kidole mwishoni mwa jina la fahali. Palikuwa na herufi mbili ndogo, RC.

"Mama Nekesa," alisema, "hii kadi si umekaa nayo mwaka mzima? Na hukuniuliza hii ni nini? Huyu fahali ni mweusi, lakini amebeba rangi nyekundu ndani."

Mimi, ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi.

Akaomba vifungo. Nilimsogezea bati langu la vifungo, akachagua vyeusi viwili na vyekundu viwili. Akaweka kimoja cheusi na kimoja chekundu upande wa kushoto wa meza: huyu ni fahali. Cheusi na chekundu upande wa kulia: huyu ni Sofia. Kila ng'ombe, alisema, ana vifungo viwili vya rangi, kimoja alipewa na mama na kingine alipewa na baba. Akizaa, hutoa kimoja tu, na hachagui kipi. Cheusi kikiwepo ndicho kinachoonekana juu, na chekundu hukaa chini yake kimya. Hakifi wala hakichujuki. Kinaweza kukaa hivyo kutoka kwa mama hadi kwa binti hadi kwa mjukuu, na wote ni weusi, hadi siku kitakapokutana na chekundu mwenzake ndani ya ndama mmoja. Hapo hakuna cheusi cha kukifunika.

Nilimwambia Sofia ni mweusi.

"Na fahali ni mweusi," alisema. "Ndiyo maana nakuambia."

Kisha akaniuliza kama ndama ana nundu. Hana. Ndume wa jirani ana nundu kubwa kama gunia la mahindi lililopakiwa vibaya. "Basi uliangalia rangi ukasahau ng'ombe," akasema. Akaenda zake akicheka peke yake barabarani.

Unadhani niliamini? Alipovuka barabara tu nilivikagua vile vifungo nione kama amevitia alama. Nikaviweka kando, nikatoa vingine vinne ambavyo hakuvigusa, nikavigawa kwenye vikombe viwili, cheusi na chekundu kila kikombe. Nikafumba macho nikachomoa kimoja huku na kimoja kule. Mara ya kwanza vyeusi viwili. Mara ya pili cheusi na chekundu. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne nilipofumbua macho vilikuwa vyekundu viwili, vimelala kwenye kiganja changu. Nikarudia, nikarudia. Vyekundu viwili havikuja mara nyingi, lakini vilikuja. Mteja aliyefuata sketi yake alinikuta nimefumba macho, mikono iko kwenye vikombe, akaniuliza kama siku hizi nacheza kamari.

Bado sikutosheka. Fahali sawa, kadi yake imesema. Sofia je? Nikampigia Mzee Kariuki kule Kwanza nikamuuliza kama ukoo wa Sofia una wekundu.

"Ati wekundu?" alisema. "Si hiyo ni ya nyanya yake! Mama ya Sofia alikuwa mweusi, lakini huyo alizaliwa na ile nyekundu yangu ya pembe moja. Wewe si ndiye ulikuwa unaifukuza kwa mahindi yenu na fimbo? Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Niliikumbuka hadi sauti yake. Ng'ombe mwekundu wa pembe moja, aliyekuwa akivunja ua wetu kila msimu, na mama yangu akaapa kwamba Kariuki humfungulia makusudi. Wekundu wa yule ndama ulikuwa umepita mbele ya macho yangu nikiwa mdogo kuliko Nekesa. Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja.

Mama mkwe hakuwa amenificha kitu.

Jana nilifunga duka nikaenda Ndalu na kilo mbili za sukari. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua maharagwe kwenye ungo, na zizi liko wazi nyuma yake, limefagiliwa. Hilo zizi lililofagiliwa liliniuma. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya adabu, ya kumwomba radhi mkwe inavyopasa. Nilipofungua mdomo yakatoka maneno ya vifungo. Nilivitoa hata mfukoni, nikavipanga kwenye ukingo wa ungo wake kama daktari alivyonifanyia. Alinisikiliza. Mkono wake haukuacha kuchambua.

"Hiyo ya vifungo mimi sijui," alisema nilipomaliza. "Lakini hiyo kesi naijua. Mimi nilishitakiwa nayo kitambo."

Akanieleza. Watoto wake wawili wa kwanza walizaliwa weusi kama baba yao. Wa tatu akatoka maji ya kunde, na hapo nyumbani hakuna aliyekuwa hivyo, upande wake wala upande wa mume. Mama ya mume wake alikuja kumwona mtoto. Akageuza masikio yake, moja baada ya jingine, kwa sababu watu husema rangi ya mtoto hujionyesha kwanza masikioni, akatazama na kucha, kisha akamlaza kitandani. Siku ya tatu mama mkwe akarudishwa kwao.

"Mchana," mama alisema. "Ilikuwa siku ya soko. Nilipitishwa hapo katikati na mtoto kwa mgongo, watu wakiona. Wengine walisimama hata wakaacha kununua."

Alikaa kwao miezi. Kisha kukawa na matanga huku, na shangazi ya mume wake aliyeolewa Lwakhakha, ambaye hakuwa ameonekana kwa miaka mingi, akaja. Alikuwa maji ya kunde vile vile, na masikio yake yalisimama kama ya yule mtoto. Watu wazima waliokuwa wamesahau uso wake wakaukumbuka. Hakuna aliyeomba msamaha, mama alisema, watu walinyamaza tu.

"Walikuja kunichukua jioni, giza ikiwa imeingia. Nikaludi kama mtu ameiba. Mpaka leo kuna wamama hapo sokoni wanajua nilifukuzwa, lakini hawajui niliitwa niludi."

Mtoto aliyegeuzwa masikio ni Wafula. Mume wangu.

Ndiyo maana mama hakushangaa siku ile kando ya zizi. Hakuwa akificha kosa. Alimwona ndama mwekundu, akaniona mimi, akajua kinachokuja, kwa sababu kilishamjia. Ndiyo maana alifungua kamba mwenyewe. Mimi nilisoma utulivu wake nikauita hatia, na ulikuwa uchovu tu wa mtu anayeona jambo lile lile linarudi kwa mlango mwingine.

Leo nilipompigia daktari, alinionya kwamba rangi za watu si jambo la vifungo viwili, ni kama kumwaga bati lote. Sawa. Lakini hata bati lote likimwagika, hakuna kifungo ambacho hakikuwa ndani yake.

Jana jioni nilimuuliza Wafula kwa nini hakuniambia, miaka yote kumi na moja. "Ungeniangalia vingine," alisema. Nilitaka kumwambia hapana. Sikumwambia, kwa sababu najijua. Ningemgeuza masikio akiwa usingizini. Hilo limenitoa machozi leo asubuhi nikichemsha chai, na sijui kama nalia kwa ajili yake au kwa ajili ya tabia yangu.

Nilikuwa nimemwambia mama pale pale Ndalu kwamba nitamrudisha Sofia, nitatafuta pikapu siku hiyo hiyo. Akatikisa kichwa.

"Uliichukua mchana," alisema. "Iludi mchana. Siku ya soko. Na si kwa gari mpaka hapa. Uiteremshe kule mwanzo wa balabala, uivute na mkono yako, ipite katikati ya watu."

Nikasema sawa, mama.

"Na hiyo ndama nyekundu itangulie," akasema, "waione vizuri."

Hakutabasamu, lakini aliniongezea chai.

Nikiri jingine. Kurudi kutoka Ndalu nilikuwa nimeanza kutafuta njia ya kukwepa. Niseme Sofia ni mgonjwa, niseme pikapu imekosekana, nimrudishe Jumapili watu wakiwa kanisani. Kisha leo asubuhi, wakati ule ule wa chai, nikakuta kitu kwenye rafu. Chupa ya maziwa ya Nekesa, ile anayobeba shuleni, ilikuwa na mstari wa penseli ubavuni, mdogo, umenyooka, na chini yake herufi N.

Nilimuuliza nani anamwibia maziwa.

"Sijui bado," akasema, akafunga begi lake.

Bado! Sikumfundisha mimi. Sikuwahi kumkalisha nikamwambia hivi ndivyo mtu anavyolinda maziwa yake. Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina, wazee walisema, na kisogo changu ndicho hicho, kimejaa mistari ya kalamu. Nimekaa siku nzima hapa nikijiuliza swali moja. Ule mstari ni kifungo nilichompa akiwa tumboni, kama mama yangu alivyonipa, na nyanya alivyompa yeye? Au ni jambo aliloliona tu jikoni kwangu? Kama ni kifungo, sina la kufanya. Kama ni kuona, basi anaweza kuona na kitu kingine.

Kwa hiyo mchana nimempigia mwalimu wake kumwombea ruhusa ya kesho. Nimesema ni shughuli ya familia. Nekesa atashika kamba ya ndama, mimi nitashika ya Sofia. Nataka amwone mama yake akipita katikati ya watu na aibu yake mkononi, na nyanya yake akisimama mlangoni pake mchana kweupe akipokea kilicho chake. Wafula amesema atakuja pia. Hakusema atatembea upande gani wa barabara, nami sikuuliza.

Naogopa, shajara. Najua wale wamama. Watatuhesabu tangu duka la kwanza, na hakuna atakayetaka kusikia habari za vifungo. Watajua tu kwamba huyu mkwe wa Kitale alimchukua ng'ombe na sasa anamrudisha kwa miguu.

Pikapu itakuja saa mbili asubuhi. Gambuti nimezitoa, kamba mbili ziko mlangoni. Mistari ya chupa ya mafuta nimeifuta kwa spiriti asubuhi kabla ya kuja dukani, yote isipokuwa ule wa leo. Huo nimeshindwa.

Kesho ni siku ya soko Ndalu, na ndama atatangulia.